Ahadi kwa Mzee wa Kifaru

Huyo mzee alinipiga teke kichwani siku yangu ya kwanza kazini, na mimi nikamchapa mguu. Ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake namvisha soksi, akaniwekea kisigino begani na kusukuma. Nikasema moyoni, ni uzee huo, miguu inaruka yenyewe. Akasukuma bega la pili. Nikavumilia. Aliponigonga utosini, hapo nikasahau mafunzo yote niliyopewa na kampuni ya kutunza wazee iliyonituma. Kwetu Kivu mtu akikuwekea mguu kichwani, amebakiza nini tena? Nikauchapa ule mguu, paa! "Mzee, shika adabu yako. Mimi ni mama wa watu."

Alicheka mpaka meno ya bandia yakamlegea. Alikuwa anakaribia miaka mia, amekauka kama dagaa, lakini kicheko chake kilijaza nyumba. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha kuokoteza, kwamba alikuwa afisa wa vifaru katika jeshi la Wasovieti, wakati wa vita ile kubwa na Wajerumani. Ndani ya kifaru kelele haziruhusu maneno. Kamanda anakaa juu, dereva anakaa chini mbele yake, na amri hutolewa kwa buti. Bega la kushoto, pinda kushoto. La kulia, pinda kulia. Kichwani, simama.

"Dereva wangu wa kwanza aliungua," akasema. "Wa pili hakubaki na kichwa cha kugonga. Wewe utadumu, una shingo nene."

Bon, nikamwambia mimi si kifaru chake. Hakuacha, na mimi sikuacha kumchapa.

Alikaa peke yake Beechmont, kusini mwa Louisville, huku Marekani, katika apartimenti ya chini iliyonuka kabichi na dawa ya kuchua. Mimi nilitoka kwangu, mtaa wa Newburg, kwa basi kila asubuhi, nikibadilisha njiani. Watoto wake walikuwa wawili, nao wazee tayari. Binti alihamia Columbus, akawa anakuja mara mojamoja na supu kwenye makopo na uso uliokunjwa. Mwana wa kiume alikwenda mbali zaidi, Buffalo, na yeye hakuja kabisa. Nilipouliza habari zake, mzee alitema mate kwenye leso.

"Mwoga," akasema. "Nilizaa mwoga."

Msidhani nilimpenda. Alikuwa mkatili, na ukatili wake haukuhitaji nguvu za mwili. Jirani yake, mjane mmoja mnene, alikuwa anamletea keki. Siku moja mzee akamwambia kwamba marehemu mume wake alikufa makusudi ili asimwone tena. Yule mama hakurudi. Mimi aliniuliza kama huko porini kwetu tuliijua sabuni. Nikamjibu tuliijua sana, ila wazungu waliokuja walikuwa wananuka mpaka wakatumalizia yote. Akafurahi huyo! Ukimwogopa, alikutafuna. Ukimrudishia, alikupa pipi kutoka mfukoni, yenye vumbi la tumbaku.

Jambo moja tu lilimnyima usingizi, nalo ni mazishi yake. Koti lake la kijeshi lilining'inia kwenye mlango wa kabati, limejaa nishani kifuani mpaka limepinda upande mmoja. Kwao, alisema, askari mwenye nishani hazikwi nazo. Nishani hutangulia mbele ya jeneza juu ya mito midogo myekundu, kila mto unabebwa na mtu kwa mikono miwili, polepole, ili watu waone huyu anayepita alikuwa nani. Wenzake wa kuzibeba walikwisha kufa wote. Binti alikuwa amemwambia waziwazi: utazikwa kimya kimya, hakuna mito, hakuna gwaride.

"Nitaingia ardhini kama mwizi wa kuku," akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona analia. Akanishika mkono. "Wewe una kanisa. Una watu. Nyinyi mnajua kuzika. Nibebeeni."

Ni kweli, tunajua kuzika. Sisi Wakongo wa Louisville, mtu akifa, hata kama ulimjua kwa salamu tu, tunajaa, tunapika, tunaimba, tunalala sakafuni kwa wafiwa. Lakini huyu hakuwa wetu, na wala hakuwa mwema. Nikamwambia nitafikiri.

Kesho yake akanionyesha nishani aliyotaka itangulie zote. Ilikuwa nyota nyekundu, pana kama kiganja cha mtoto mchanga, na katikati yake kaaskari kadogo kameshika bunduki. Nikamuuliza aliipataje. Akasukuma sahani yake pembeni na kuvuta kikombe cha chai.

Kulikuwa na handaki, akasema, na Wajerumani ndani yake waliokwisha kuishiwa risasi. Mtu asiyejua kazi anapita juu ya handaki na kwenda zake, na wale waliolala chini wanainuka wazima nyuma yake. Anayejua kazi anasimama palepale juu, anafunga mnyororo mmoja wa kifaru na kuuachia mwingine uzunguke. Kifaru kinajizungusha mahali pamoja, kingo zinaporomoka, na udongo unamaliza kazi. Alinionyesha kwa kikombe juu ya kitambaa cha meza, anakizungusha taratibu mpaka kitambaa kikajikunja.

"Nilifanya handaki lote, mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Walikuwa wanaita mama zao. Nilimgonga dereva bega la kulia, la kulia, la kulia."

Mnajua nilifanya nini? Sikukimbilia chooni kutapika. Nilimuuliza, "Wote?"

"Wote."

"Vizuri," nikasema.

Ngojeni niseme kabla hamjaniita mchawi. Kijiji cha mzee Wajerumani walikikusanya ndani ya ghala la nyasi wakalitia moto, na mama yake alikuwa humo. Na kwetu, mimi nikiwa msichana, walikuja wanaume wenye bunduki, wakamchimbisha baba yangu na wanaume wengine shimo nyuma ya shule, wakawaingiza, wakawafukia wengine wakiwa bado wanaomba. Mama alinifunika masikio kwa viganja vyake, lakini viganja havizuii kitu. Tukakimbilia Tanzania. Nikakulia kambini, nikaolewa kambini, nikazaa kambini. Wale wanaume hakuna aliyewagusa hata unywele. Mmoja wao nasikia sasa ni mkubwa, anatembea na walinzi. Donc, mzee alipozungusha kikombe chake, mimi nilikuwa ndani ya kifaru pamoja naye. Nililiona lile shimo la nyuma ya shule, ila waliokuwa ndani sasa ni wao, na mimi niko juu. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Yeye walimchomea mama, akapewa kifaru. Mimi walinifukia baba, nikapewa kadi ya mgao wa mahindi. Wazee husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku ile sikumhurumia nguruwe hata kidogo.

"Nitakubebea," nikamwambia. "Na hiyo nyota nitaibeba mwenyewe."

Akasema haitoshi kusema. Kwao nishani huoshwa. Askari akipewa nishani anaitumbukiza kwenye kikombe cha pombe kali, wenzake wanakunywa wakipokezana, na wa mwisho anakunywa mpaka chuma kimguse meno. Hapo ndipo imekuwa ya kweli. Nikamwambia mimi ni mlokole, pombe hainigusi. Basi akaitia nyota kwenye chai ya rangi, akanywa nusu, akanipa. Nikanywa mpaka ikanigonga meno. Ilikuwa na ladha ya msumari.

Mume wangu alipotoka shifti yake ya ghala la vifurushi nikamwambia, akashika kiuno. "Weye mama, medai ya kuua batu, unabeba ya nini? Ku kanisa tutasema nini?"

"Tutasema tunazika mzee."

"Mzee wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Na ugali wako unapoa."

Akina mama wa kanisa hata hawakubishana. Mzee wa kuzika ni mzee wa kuzika, asiye na ndugu ndiye wa kwanza. Wakashona mito kutoka pazia jekundu la zamani, wakaijaza sufi ya kochi, wakaniuliza tu atakufa lini ili wapange mambo ya jikoni.

Baridi ilipoanza kulegea mzee alikuwa hainuki tena bila kushikwa. Binti akaja kutoka Columbus, akakuta mito imepangwa kitandani. Aliiangalia kama amekuta nyoka. Akanivuta jikoni na kufunga mlango.

"Nani kakutuma ufanye hivi?"

"Baba yako."

"Amekusimulia handaki?"

"Amenisimulia."

"Na trekta?"

Habari za trekta sikuzijua. Akafungua bomba la maji ili baba yake asitusikie, ingawa mzee alikuwa nusu kiziwi. "Muulize," akasema. "Muulize kwa nini kaka yangu hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Muulize kwanza, halafu ubebe."

Nilimuuliza nikimwosha mgongo. Nilifikiri atakataa, atanitukana. Thubutu! Alikuwa anajivunia.

Askari wapya, akasema, wanaogopa kifaru kuliko kifo. Dawa yake ni kuwakalisha ndani ya handaki na kupitisha kifaru juu yao, tena na tena, mpaka wazoee. Ndivyo walivyofundishwa wote. Sasa mwanawe, aliyezaliwa vita vimekwisha, alikuwa mtoto wa kulialia. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata kikohozi cha baba yake. Basi mzee akachimba shimo shambani, akamlaza mtoto ndani, akaazima trekta la kijiji, la minyororo, akapita juu yake.

"Alikojoa," akasema. "Nikarudia. Akakojoa tena."

"Ulirudia mpaka lini?"

"Kiangazi kizima. Siku moja ukingo ukaporomoka, tukamchimbua kwa mikono, udongo umejaa mdomoni. Tangu siku hiyo hakulia tena. Unaona? Dawa ilifanya kazi." Akafikiri kidogo. "Kuzungumza pia aliacha, mpaka theluji ilipoanguka."

Sifongo ikaniponyoka. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa mzee, mifupa mitupu, maji yanatiririka. Mungu wangu, mtoto wake wa kuzaa! Aibu ikanishika, na si kwa ajili yake peke yake. Mimi nilikuwa nimemwambia huyu mtu "vizuri". Shimo la nyuma ya shule likarudi, na safari hii sikuwa juu yake. Nilikuwa chini, na baba, na kitoto kisichojua Kiswahili.

Nikamkausha, nikamvisha, nikamlaza. Akanishika kanga.

"Utabeba?"

"Mzee, wewe ni shetani."

"Najua," akasema. "Utabeba?"

Hapo ndipo nilipomchukia kwa moyo wote. Ningeweza kusema hapana, na angekufa na hapana yangu kifuani, na nani angenilaumu? Lakini mimi nimelelewa kwamba ahadi ni deni, na neno ulilompa mtu anayekufa ukilivunja, wanaolipa ni watoto wako. Marekani imenifundisha mengi, hilo haijalifuta. Tena nilikuwa nimeinywa ile nyota. Nikamwambia nitabeba, ila si kwa ajili yake. Akafumba macho, ametulia kama mtoto aliyeshiba. Nilitamani kumwamsha nimharibie ule usingizi.

Alikufa wiki ileile, asubuhi, nikiwa namkata kucha za miguu. Mguu ulikuwa mikononi mwangu, ukawa mzito tu.

Mwana alikuja. Hatukumtarajia. Alitoka Buffalo kwa basi, dada yake akampokea Columbus na kumleta mpaka Louisville, na njia nzima, binti aliniambia, alikaa kiti cha nyuma na koti kichwani. Ni mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, nywele nyeupe, maisha yake yote fundi wa saa. Alisimama kwenye mlango wa chumba alimolazwa baba yake ndani ya jeneza, kofia mikononi, hakuingia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, akaniuliza mimi.

"Una hakika amekufa?"

"Nina hakika, mzee wangu. Nimemvisha mwenyewe."

"Ulimgusa?"

"Nilimgusa. Ni baridi."

Akaitikia kwa kichwa, lakini miguu haikusogea. "Tafadhali," akasema, "funga kifuniko." Tukafunga. Akangoja asikie kimelia ndipo akaingia, akakaa kiti cha karibu na mlango, kofia magotini. Nilimletea chai. Hakuweza kushika kikombe, nikamshikia.

Makaburini akina mama walivaa vitenge vyao vya misiba, wakapanga mstari, kila mmoja na mto wake. Mimi nilikuwa mbele na nyota. Niliibeba kwa mikono miwili, polepole, mgongo umenyooka, kama alivyonifundisha. Akina mama waliimba nyuma yangu vizuri kabisa, maana wao hawakujua. Kwao alikuwa mzee asiye na watu. Mimi kifua changu kilijaa nyongo. Nilisema moyoni, haya, mzee, umeona, wanakuona, huyu anayepita ndiye wewe. Wapita njia wawili walivua kofia. Alipata alichotaka, chote.

Jeneza likashuka. Nikampa binti nyota, akaitupia kwenye mkoba wake pamoja na funguo.

Sasa, sisi mtu wetu hatumwachii mashine. Hapa jeneza likishashuka watu huenda kula, na mashine huja kufukia wakiwa wameondoka. Sisi hapana. Wanaume wetu wanaomba makoleo, wanapokezana kwa jasho na nyimbo mpaka udongo uinuke na kukaa, ndipo tunaondoka. Kumwachia chuma mtu wako ni kumtupa. Wafanyakazi wa makaburi yale wametuzoea, makoleo walikwisha kuyasimamisha tayari. Mume wangu alikuwa ameshavua koti.

"Acha," nikamwambia.

"Nini?"

"Rudisha koleo. Mashine ije."

"Weye! Bamufukie na mashini sawa imbwa?"

Nyimbo zikakatika. Mama mkubwa wa kanisa akanijia, akanishika kiwiko. "Mwanangu, hiyo ni dhambi. Marehemu anasikia."

"Asikie," nikasema. "Niliahidi kubeba, nimebeba. Koleo sikuahidi."

Nilijua watasema nini Newburg, na walisema. Wengine hadi leo wakiniona kwenye msiba wananipisha mbali. Sijali sana. Wanaume wakaweka makoleo chini, na mwenye mashine akapanda kitini.

Ilikuwa mashine ndogo ya njano, ya minyororo. Iliponguruma, yule fundi wa saa alibadilika rangi. Dada yake akamkumbatia, "Twende garini, twende." Hakwenda. Nikaenda kusimama upande wake wa pili, sikumgusa. Mashine ikasukuma udongo, ukaanguka juu ya kifuniko kwa kishindo, ikarudi nyuma ikasukuma mwingine, mpaka shimo likajaa. Kisha dereva akaipandisha juu ya kaburi ili kushindilia, akapita kutoka miguuni mpaka kichwani, akashuka upande wa pili, akataka kuzima injini.

"Tena," mwana akasema.

Dereva akamtazama. "Limeshakaa sawa, bwana."

"Tena."

Dereva akamtazama binti, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Akanitazama mimi. Nikamwashiria kwa mkono apite, na akapita.